Mpishi asiyenusa na mifupa ya bata mzinga

Saa mbili asubuhi, Ijumaa, mifupa inaanza kuingia. Inakuja kwenye mifuko ya plastiki, kwenye sufuria zilizofungwa vifuniko kwa kamba, mzigo mmoja umeletwa ndani ya boksi la viatu. Bi Clotile Narcisse amesimama mlangoni mwa jiko la ukumbi wa kanisa, aproni kiunoni, anapokea kila mzigo kwa mikono miwili na kuuliza swali lilelile.

"Huyu aliokwa, alikaushwa kwa moshi, au alikaangwa?"

Jana ilikuwa Sikukuu ya Shukrani, na hapa Grand Chêne, kusini mwa Louisiana, Marekani, hakuna nyumba iliyolala bila bata mzinga. Minofu iliyobaki ina wenyewe. Itabanwa kwenye mikate mpaka watoto waichoke, itachanganywa na wali, itafunikwa kwa unga na kuokwa upya, na ikifika Jumapili atakayemtaja ndege huyo mezani atatazamwa kwa jicho baya. Lakini mifupa ni ya Bi Clotile. Kuitupa ni aibu, na mkwe mmoja aliyetoka Ohio akaitupa bila kujua bado anakumbushwa hadi leo.

Mkwe mwenyewe ni Rochelle, mke wa mwanawe, na ndiye msaidizi wa jiko.

"Mwaka wa tisa huu, mama, na bado wananiita Bibi Jalala," analalamika.

"Watakuita hivyo mpaka upate wajukuu," Bi Clotile anamjibu. "Menya vitunguu."

Chanzo cha haya yote ni kiwanda cha sukari kilicho ng'ambo ya barabara. Miwa ikianza kusagwa, mitambo haizimwi mpaka mwisho wa mwaka, iwe sikukuu isiwe sikukuu. Watu wa zamu hula shukrani yao kwa mkate mkavu, macho kwenye boila. Ndipo wanawake wa parokia, enzi za mama mkwe wa Bi Clotile, wakaamua kwamba siku ya pili yake wataweka gumbo: mchuzi mzito wa mifupa, soseji za moshi na unga uliokaangwa kwa mafuta, juu ya wali. Zamu inayotoka na inayoingia hukutana ukumbini saa kumi na mbili jioni, watu zaidi ya mia. Bi Clotile ameushika mwiko wa sufuria hiyo miaka kumi na minane.

Mwaka jana aliiharibu gumbo.

"Nakwambia mwenyewe kabla shemeji yangu Alcide hajakuwahi," anasema, na haoni haya.

Mafua yalimlaza wiki tatu. Yalipoondoka, yaliondoka na pua yake. Kahawa ikawa maji ya moto. Sabuni, samaki, waridi, vyote sawasawa na hewa. Hakumwambia mtu. Ijumaa ilipofika akakaanga unga kwa mazoea, akiamini mkono unaijua njia, na unga ukaungua mbele ya macho yake bila yeye kujua.

Hakuna aliyelalamika, na hapo ndipo palipomuuma. Watu walikula kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuongezewa. "Nilibakiwa na nusu sufuria," anasema. "Kiporo cha kiporo. Nilijifungia ndani ya gari nikalia."

Kamati ya ukumbi ikampa mwaka mmoja. Gumbo ikiharibika tena, mwiko utakwenda kwa Alcide Narcisse, mdogo wa marehemu mumewe, stadi wa kukaanga bata mzinga uani, mtu ambaye ulimi wake haujui likizo.

Bi Clotile ana miaka sitini na moja. Riziki yake ni kupika kwenye nyumba ya wazee, dola kumi na nne kwa saa, na kule pua haiulizwi sana kwa kuwa kila kitu hupimwa kwa kikombe. "Kule nikikosea, karatasi ya ukutani inanisahihisha," anasema. "Huku ni wewe na moto."

Basi akajifunza upya, na si kidogo. Jumapili baada ya Jumapili alikaanga unga nyumbani kwake, Rochelle kakaa pembeni kama pua ya kuazima. Rochelle akisema "sasa", yeye anausikiliza mkono wake. Unga mbichi, anaeleza, huvuta mwiko; ukikaribia kuiva hulegea, na mwiko unateleza wenyewe. Halafu kuna sahani nyeupe. Kila baada ya kitambo anadondosha tone moja ukingoni, na matone yanafuatana kutoka rangi ya mchanga mpaka rangi ya chokoleti.

"Pua unaweza kuibembeleza," anasema. "Sahani nyeupe haina urafiki na mtu."

Mchana kutwa mifupa inachemka. Ya moshi ina sufuria yake, iliyookwa ina yake. Ya waliokaangwa supu yake huonjwa kwanza, maana wakaangaji humdunga ndege maji ya chumvi kwa sindano, na asiyejua hutia chumvi juu ya chumvi. Ulimi wa Bi Clotile bado unaijua chumvi. Nyama inayobanduliwa kwenye mifupa inawekwa kando, itaingia mwisho kabisa. "Imeshaiva jana. Ukiipika tena utakula kamba."

Saa kumi jioni unga uko motoni, tayari umefika rangi ya karanga, na Alcide anaingia na beseni.

"Shemeji, nimekuletea mifupa ya mfalme."

"Mfalme yupi? Huyo uliyemkaanga mpaka zimamoto wakaitwa?"

"Waliitwa na jirani mwenye wivu. Saladi ya viazi iko wapi?"

"Kwenye friji. Na itakaa pembeni ya gumbo, si ndani."

"Ndani, shemeji. Kaka yangu aliitia ndani miaka thelathini."

"Kaka yako alikuwa na mengi niliyomvumilia."

Jiko zima linacheka, na Bi Clotile anageuka kumnyooshea Alcide mwiko usoni. Yaani mwiko uko hewani, na unga uko motoni. Ni kitambo kidogo tu. Mtu wa Grand Chêne anaweza kuiacha nyumba yake ikiungua, lakini hoja ya saladi ya viazi hawezi kuipita.

Anageuka upesi, anakoroga, anadondosha tone kwenye sahani. Ndani ya tone kuna vidoa viwili vyeusi.

"Nusa," anamwambia Rochelle.

Rochelle anainama. "Iko sawa, mama. Inanukia vizuri."

Alcide naye anasogeza pua. "Haina kitu, shemeji. Halafu angalia saa."

Kweli muda umekwenda. Kuanza upya ni kukoroga karibu saa nzima bila kupumzika, kisha mchuzi uchemke, na zamu haisubiri mtu. Gumbo ikichelewa, kamati itasema imechelewa. Na akiutia unga huu na gumbo ikatoka chungu, ana mashahidi wawili wenye pua zao kwamba waliunusa wakaupitisha. Njia rahisi iko wazi mbele yake, na kila aliyemo jikoni anaiona.

Bi Clotile anaitazama sahani. Kisha anashika sufuria kwa vitambaa viwili na kuumwaga unga wote kwenye ndoo ya bati.

"Kidoa kimoja kinatosha kuharibu chakula cha watu mia," anasema. "Alcide, katakata vitunguu. Saladi tutaijadili Krismasi."

Alcide anaweka beseni chini na kushika kisu. Bi Clotile anakoroga unga wa pili huku amewapa mgongo wote.  Simu inalia mpaka inachoka. Matone yanaongezeka sahanini moja baada ya jingine, na la mwisho linatoka jeusijeusi kama chokoleti, safi, bila doa. Vitunguu, seleri na pilipili hoho vinaingia kwa kishindo, kisha supu ya mifupa, kisha soseji.

King'ora cha kiwanda kinapolia, nyama ndiyo kwanza inaingia. Watu wanaingia na masizi kwenye kofia. Wa kwanza ni Dalton Figaro, fundi wa boila, pande la mtu lisilo na maneno mengi. Anapokea bakuli, anakula amesimama. Bi Clotile yuko nyuma ya sufuria, mkono umebana ukingo wa meza.

"Mimi siwezi kuionja," ananong'ona. "Naonja nyuso zao."

Uso wa Figaro hausemi kitu. Anamaliza, anafuta bakuli kwa kipande cha mkate, kisha anakwenda kujipanga mwisho wa foleni. Zamu yake inapofika, ananyoosha bakuli.

"Usininyime, Bi Clotile."

Nyuma yake wameshajipanga wengine, mabakuli matupu mikononi. Bi Clotile anapakua mpaka mwiko unakwangua chini.

Alcide ndiye anayepata la mwisho. Anatia saladi ya viazi ndani, mbele ya macho ya shemeji yake, na safari hii anaachwa.

"Mwaka jana uliniudhi," anamwambia kwa sauti ya chini. "Si kwa gumbo. Kwa kutoniambia. Ningekuja kuwa pua yako."

"Ungenusa vibaya, kama leo," Bi Clotile anamjibu. Kisha anainua aproni na kujifuta macho.

Mwenyekiti wa kamati anapita na bakuli lake, anachungulia sufuria tupu. "Tuonane mwakani, Clotile," anasema, na hilo ndilo tamko zima la kamati.

Daktari alimwambia harufu huweza kurudi, pengine ghafla, hata baada ya miaka. Bi Clotile ameshaipangia siku hiyo. Mpaka ifike, anasema, mwiko ni wake na asiyependa akapike kwake.

"Lakini pua ikirudi, sipiki tena," anasema. "Alcide atakaanga unga. Mimi nitavuta kiti mpaka karibu na moto, nikae hapo kutwa nzima, ninuse tu."