Mgeni Aliyeomba Kunusa Wiski

Tuelewane kabla sijaanza: sikuwa nimelewa. Nimechoka kulisema neno hili. Kila nikifika kwenye habari ya yule mtu, anayenisikiliza anaangalia mdomo wangu, anatabasamu, kisha anauliza, "Lakini mama, ulikuwa umekunywa kiasi gani?" Kiasi gani! Kijiko kimoja cha chai, tena kilichotiwa maji. Hapa Nchelenge kuna watu wanaanza kunywa kachasu, gongo ya hapa, asubuhi na hawaulizwi kitu. Mimi niliyelamba kijiko ndiye ninayeitwa mlevi. Ni kweli kwamba baadaye nilikunywa chupa nzima, ndogo, kwa mkupuo mmoja. Lakini hiyo ilikuwa mwishoni, na nitakuambia kwa nini. Sasa nisikilize.

Mimi ni mtu wa Pweto, ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo. Nilivuka kwa sababu ya vita, nikakaa kambi ya Mantapala na wakimbizi wenzangu nikilima mihogo, na baadaye nikapata kazi ya kupika kwenye gesti moja karibu na ufuko. Kwenye gesti hiyo alikuja kukaa muzungu mzee kutoka Skotlandi, fundi wa pampu za maji. Alipenda sana kambale wangu wa moshi. Siku ya kuondoka aliniachia boksi lenye vichupa vinne vya wiski ya kwao, kila kimoja cha aina yake.

Nilimwambia sijawahi kuonja wiski tangu nizaliwe. Alifurahi kana kwamba mimi ndiye niliyempa zawadi! Akaketi nami kwenye meza ya jikoni, akanionyesha. Unamimina kidogo sana. Hunywi. Kwanza unanusa, mdomo ukiwa wazi kidogo. Unatia matone ya maji, unanusa tena, ndipo unalamba. "Polepole," akasema. Kwa Kiswahili alijua neno hilo tu; mengine alinieleza kwa Kifaransa chake cha kubahatisha.

Basi tukaanza kujifunza, mimi na Mama Chanda. Yeye ni Mbemba wa hapa hapa, anafua mashuka ya gesti, na Kiswahili chake ni cha sokoni. Kila Jumapili baada ya kanisa tulifungua aina moja, tukikaa kwenye baraza ya nyuma ya jiko. Ile ya kwanza Mama Chanda aliilamba akaruka.

"Awe! Hii iko petroli!"

Na mimi nilisikia moto tu. Lakini nilipotia maji na kusubiri, niamini, ndani ya ule moto kukatokea tofaa, halafu asali. Nilicheka peke yangu. Jumapili iliyofuata tulifungua ya pili, nyeusi zaidi, ambayo yule mzee alisema ililala miaka mingi kwenye pipa lililokuwa la divai. Hiyo ilikuwa na zabibu kavu, na kitu ambacho tulikitafuta mpaka Mama Chanda akapiga paja: "Kiatu! Kiatu ya mupya!" Kweli kabisa, ilikuwa ngozi ya kiatu kipya.

Katika siku zile pua yangu iliamka. Nilijua mgeni gani amepita kwenye korido kwa sabuni yake. Nilijua samaki wa jana na wa leo nikiwa bado mlangoni. Shika hilo, maana bila hilo nisingemjua yule mtu.

Aina ya tatu ilikuwa ya moshi. Mzee alinieleza kwamba kwao wanachimba udongo mweusi wa bwawani, wanaukausha, wanauchoma, na moshi wake ndio unaokausha shayiri. Mama Chanda alinusa mara moja akaisukuma glasi mbali. "Hospitali," akasema, akaenda kuanua mashuka.

Mimi sikuweza kuisukuma. Moshi tunao hapa, Kashikishi hapo jirani yote ni vichanja vya kubanikia samaki. Lakini huu haukuwa moshi wa samaki. Ulikuwa moshi wa kuni mbichi chini ya paa la nyasi, na majani ya kikohozi yakichemka, na ile chumvi ya zamani inayotengenezwa kwa majivu ya nyasi za bwawani. Lilikuwa jiko la mama yangu. Mama alibaki Pweto siku tuliyokimbia. Sikumzika, sina picha yake, sina hata kitambaa chake. Na hapo, ndani ya glasi iliyotoka kwa wazungu, jiko lake zima lilikuwa limekaa linanisubiri. Nililia mpaka Mama Chanda akaacha mashuka akaja kunishika bega.

Kwa hiyo ile ya moshi sikuimaliza. Niliifunga, na ya nne sikuifungua kwanza.

Jumapili iliyofuata Mama Chanda alichelewa, alikuwa na mkutano wa akina mama wa kanisa lake. Jua lilikuwa linashuka ziwani. Nilikaa peke yangu barazani, nimezipanga chupa, nimejimiminia kile kijiko cha ile ya moshi. Mtu akaja kutoka upande wa ufuko. Mwanaume wa makamo, shati jeupe limefungwa vifungo mpaka shingoni, viatu vinang'aa. Akasimama mbali kidogo, kwa heshima.

"Jambo, mama. Samahani. Nasikia harufu inatoka mu glasi yako."

Kiswahili cha kwetu! Nilifurahi. "Karibu, papa. Unatoka wapi?"

"Ng'ambo kule."

Nikafikiri ni mfanyabiashara wa samaki kutoka Kilwa ya Kongo au Pweto, wanavuka kila siku. Nikampa kiti, nikamwambia ni wiski, nikataka kumwekea.

"Hapana kunywa, mama. Mi nalomba kunusa tu."

Sasa niambie, wewe ungekataa? Mtu kavuka ziwa, ana adabu, anaomba kunusa! Nikammiminia ile ya kwanza kwenye glasi safi. Akainama juu yake bila kuigusa, akavuta pumzi ndefu.

"Tofaa," akasema. "Na asali ya nyuki badogo."

Niliona nimepata mwenzangu. Ni nani hapa ningeweza kuzungumza naye mambo haya? Nikammiminia ya pili. "Zabibu," akasema. "Na kiatu ya mutoto, siku ya sikukuu." Nilicheka nikainama kuchukua glasi, nikapita karibu na shingo yake, na hapo nikashtuka.

Hakuwa na harufu.

Sisemi alikuwa msafi. Msafi ananuka sabuni. Mtu ametembea juani, amepita katikati ya vichanja vya samaki, amevaa shati mpaka shingoni, anatakiwa anuke jasho, moshi, mafuta ya mashua, chochote. Huyu alikuwa kama hakuna mtu kwenye kiti. Nilijiambia labda pua imechoka na wiski. Tena yeye mwenyewe alikuwa ameshaigeukia glasi yangu, ile ya moshi, na kabla sijasema neno alikuwa amefumba macho juu yake.

Alivuta pumzi kwa muda mrefu kuliko mtu anavyoweza. Kisha akaanza kusema polepole.

"Hapa kuko jiko ya nyasi. Kuni ni ya mubichi. Kuko mama moja, anachemsha majani. Anakohoa. Anafunika chungu na sahani ya bluu."

Sahani ya bluu. Hiyo hata mimi nilikuwa nimeisahau.

"Papa, umemjua wapi mama yangu?"

"Anaita mutoto wake," akasema. "Anakohoa tena. Bon. Sasa hapana kukohoa."

Nikainyakua ile glasi, nikaitia puani. Hakuna kitu. Nikalamba: maji ya vuguvugu. Rangi ilikuwepo, ya dhahabu kama mwanzo, lakini ndani hamna. Nikanusa glasi ya kwanza, hamna. Ya pili, hamna. Nikafungua chupa zenyewe, nikazinusa moja moja kama mwenda wazimu. Zote tatu zilikuwa maji yenye rangi. Nikajaribu kulikumbuka jiko la mama. Nililiona, ndiyo, paa na chungu na moto. Lakini nililiona kama unavyoona picha ya nyumba ya watu wengine.

Na yule mtu akasimama, na sasa alikuwa na harufu. Sikia vizuri. Kuni mbichi. Majani ya kikohozi. Chumvi ya majivu. Alisimama mbele yangu akinuka mama yangu.

"Rudisha!" nikapiga kelele.

"Mama, nilinusa tu."

"Rudisha! Hiyo si yako! Wewe huna mama? Huna kwenu?"

Nilimshika mkono wa shati. Ulionekana mkavu, lakini mkononi mwangu ulikuwa umelowa, baridi, ukanitoka kama samaki anavyotoka. Hakukasirika. Aliangalia tu ile chupa ya nne, iliyokuwa bado na kifuniko chake.

"Na ile?" akauliza, kwa adabu ile ile.

Hapo ndipo nilipoinywa. Niliivunja kifuniko kwa meno nikaimimina yote kooni, huku nimemkazia macho, machozi yananitoka, kifua kinawaka. Sikunusa, sikutia maji. Mpaka leo sijui hiyo wiski ilikuwa na ladha gani, na hilo nalo namdai yeye. Aliniangalia kama mgeni aliyenyimwa chakula. "Aksanti, mama," akasema. Akageuka, akateremka kuelekea ziwani, hakukimbia, na harufu ya mama yangu ikateremka pamoja naye.

Mama Chanda alinikuta nimekaa chini, chupa mkononi, nanuka pombe. Kitu cha kwanza alichosema ni hiki: "Nani anachemsha dawa ya kikohozi hapa?" Niliruka nikamkumbatia. Alikuwa ameisikia! Lakini kesho yake, watu walipomuuliza, alisema labda ilikuwa ni majirani. Na mtu aliona nini? Aliona mimi na chupa tupu. Basi, kesi ikaisha. Katekista alinishauri niache pombe. Kliniki walisema pua yangu ina mafua tu. Wengine wanasema yule ni mmoja wa waliozama ziwani, kwamba huko chini hakuna harufu ya kitu, ndiyo maana wanapanda kuitafuta. Kama alizama, pole yake. Mimi nilimzamisha? Mimi ambaye kutoka kwetu sikubeba hata kijiko, ni mimi wa kuja kuibiwa?

Tangu siku ile sisikii harufu ya moshi. Harufu nyingine zote nazisikia, sabuni, samaki mbichi, mvua. Moshi hapana. Mpishi asiyesikia moshi! Nimeunguza masufuria, nimeunguza wali wa harusi, siku moja pazia la jikoni liliwaka nyuma yangu nikiwa namenya vitunguu. Sasa Mama Chanda anaacha kufua anakuja kuninusia vyungu.

Ningekaa kimya, maana nimechekwa vya kutosha. Lakini juzi alilala kwenye gesti mama mmoja anayeuza samaki, kutoka Puta, kando ya ziwa hili hili. Alikuwa ameshika koti la mwanaume mapajani, hakulivaa wala hakuliweka chini. Nikamuuliza. Akaniambia ni la marehemu mume wake. Alikuwa akilala nalo. Jioni moja alikuja mtu kutoka ufukoni, shati jeupe, akasalimia vizuri, akaomba anuse tu.

"Nikamupa," akasema. "Alilomba muzuri sana."

Nililichukua lile koti, nikaliweka usoni, kola na kwapa zote mbili. Lilikuwa kitambaa tu.

Kwa hiyo nakuambia wewe, cheka ukitaka. Kama una shuka la mtoto aliyekufa, kama una kanga ya bibi yako sandukuni, usiianike nje jua likianza kushuka upande huu wa ziwa. Na akija mtu wa adabu anayeomba kunusa, usione aibu. Mwombe anyooshe mkono, umnuse yeye kwanza. Usiposikia kitu, funga mlango. Mwache aombe hapo nje mpaka achoke.