Velma na Kifua Kilichong'aa

Velma akishika karatasi ya moyo, hata daktari hunyamaza. Sisemi hivi kwa sababu tunalala chumba kimoja kule Najma na ndiye anayepika chapati. Nasema kwa sababu mimi hukaa mapokezi ya kliniki yetu hapa Abu Hamour, huku Uarabuni, na nimemwona akibishana na watu wenye vyeo mpaka wakaomba maji.

Kazi yake ni kupima mapigo ya moyo. "Mashine haijui kitu," hupenda kuniambia. "Inasikiza tu kile ngozi imeiletea." Kwa hiyo sanduku lake la elektrodi, vile vishikizo vya kunasia mapigo mwilini, hulitunza kuliko viatu vyake. Mna stika zenye jeli ya chumvi katikati, za kubandika mara moja na kutupa. Mna zenye gundi kali, za mafundi wanaotufikia wakitiririka jasho kutoka Industrial Area. Mna vikombe vya kunyonya vyenye kipira cha kubonyeza, ambavyo humwachia mtu duara kifuani, na vibanio vikubwa vya mikono na miguu ambavyo wageni huviona kama vya kuanikia nguo. Anayedhani vyote ni sawa, Velma humwona mvivu, na hamfichi.

Jumanne moja kampuni ya ulinzi ilileta walinzi wake kwa vipimo vya mwaka. Mmoja wao alikuwa Twaha, mtu wa Tanga, mrefu na mpole. Velma alikuwa chumba cha kutolea damu, basi Twaha akapimwa na mwenzake aliyekuwa mgeni kazini. Karatasi ikatoka na mwandiko wa kuku: mistari inapanda, inatetemeka, inapotea. Daktari akaitazama, akatazama saa, akashika kalamu aandike kwamba moyo wa Twaha hauendi sawa. Kwa kampuni ile, maneno hayo ni tiketi ya kurudi nyumbani, na Twaha alilijua hilo. Alisimama mbele ya meza yangu na shati mkononi, midomo imemkauka. Roho iliniuma vibaya, nikakimbia kumwita Velma.

Alipokuja hakuitazama karatasi. Alimtazama mtu. Kifua cha Twaha kilikuwa kinang'aa chini ya taa.

"Ndugu yangu, umejipaka nini?"

"Mafuta ya nazi, dada. Kidogo tu."

"Kidogo? Unang'aa hivi na unasema kidogo?"

"Sasa ningekuja mbele za watu nimepauka?"

Hapo nilicheka, Mungu anisamehe. Nani kati yetu hakulelewa hivyo? Mama hakuachii uvuke mlango kwenda hospitali na magoti meupe. Unaoga, unajipaka, unavaa nguo ya ndani iliyo mpya. Twaha alikuwa amefanya kila alichofundishwa, na stika zikawa zinateleza juu ya mafuta yake, zikiokota kila mtikisiko isipokuwa ule wa moyo.

Daktari akasema kwa Kiingereza kwamba basi la kampuni linangoja, khalas, yaani yaishe, acha aandike. Velma akamjibu kwa Kiingereza hichohicho, polepole, kwamba akiandika sasa ataandika habari za mafuta ya nazi. Yeye anataka dakika kumi. Daktari akaweka kalamu chini.

Twaha akapelekwa bafuni na sabuni. Aliporudi, Velma akamkausha kwa taulo, akanyoa vinyweleo mahali sita, akaisugua ngozi kwa kipande cha shashi mpaka Twaha akakunja uso. Kisha stika mpya, moja baada ya nyingine, kila moja akiibonyeza pembeni, si katikati, jeli isije ikatoka.

"Sasa usiongee. Pumua kama mtu ako off."

Karatasi ikatoka. Hata mimi wa mapokezi niliweza kuisoma: kilima, bonde, kilima, bonde, sawa kwa sawa. Daktari aliipitia mara mbili, akatia sahihi kwamba Twaha ni mzima, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue akasema asante.

Nilitegemea Twaha aruke kwa furaha. Badala yake alibaki amekaa kitandani, shati bado mkononi, macho yamejaa machozi.

"Ni nini tena?" Velma akamuuliza.

"Yale mafuta si yangu, dada. Ya Harun, tunalala naye chumba kimoja. Na yeye alijipaka hivihivi wiki iliyopita, akapimwa kliniki nyingine. Wakamwambia moyo wake mbovu. Ndege yake kesho asubuhi."

Velma alikuwa ameshaanza kufungua pakiti nyingine ya stika.

"Mpigie simu," akasema. "Mwambie aoge na sabuni mara mbili, akuje hapa saa hii. Daktari haendi mahali."

Daktari alikuwa mlangoni, mkoba begani. Hajui neno la Kiswahili. Alimtazama Velma usoni, akautua mkoba chini.