Siku Kumi na Moja

Mjazaji wa fomu za viza, nyuma ya posta ya Malindi, hafungui faili ya mtu kabla ya kufuta miwani yake kwa ncha ya shati. Amewasafirisha wengi, na amechoka. Si kwa kuandika, bali kwa taarifa za benki zinazonenepa ghafla siku mbili kabla ya kupelekwa ubalozini. Leo mama mmoja wa Kibarani, anayetaka kukaa Italia mwezi mzima na mjukuu asiyewahi kumwona, amemletea nyingine.

"Mama, hizi laki tatu zimeingia juzi."

"Ni za chama chetu cha kuweka akiba, mwanangu. Wakishaziona ubalozini, nazirudisha. Si wote hufanya hivyo?"

"Mimi sifanyi. Huo ni uongo, na atakayekataliwa ni wewe."

Machozi yakamlengalenga mama. Mjazaji akashusha pumzi, akavuta kikokotoo, akazitoa za chama.

"Zako mwenyewe zinatosha siku tisa."

"Tisa? Mtoto hata hajanizoea! Kumi na nne."

"Hapa si sokoni, mama." Akafuta miwani tena, akaondoa gharama ya hoteli kwa kuwa mama atalala kwa bintiye, akahesabu upya. "Kumi na moja," akasema, akaandika kwa wino.