Mdogo Wangu, Kibao cha Duka la Maziwa

Harufu ya maziwa yaliyoungulia kwenye sufuria bado inanichafua roho, na mjini Gisenyi huwezi kuikwepa. Ukipita nyuma ya soko asubuhi, kila baada ya milango michache kuna mtu anachemsha inshyushyu, yale maziwa ya moto tunayokunywa na maandazi kabla ya kazi. Mama alikuwa na duka la namna hiyo: chumba cha mbele chenye mabenchi mawili, na chumba cha nyuma chenye jiko, majivu na mimi. Wengine walichora ng'ombe ukutani ili wajulikane. Mama alimweka mdogo wangu Fabrice mlangoni, juu ya kiti cha plastiki, na kikombe cha nusu lita mkononi. Alikuwa na miaka saba, mnene hadi vifundo vya mikono vimezama, na kwa kuwa tulisoma zamu ya mchana, asubuhi nzima kazi yake ilikuwa kunywa maziwa yenye sukari huku watu wakimtazama. Wanawake waliokuwa wakivuka mpaka na mizigo kwenda Goma walisimama, wakamfinya mashavu, wakamwita Patron, yaani bosi, kisha wakaingia kunywa. Mimi nilikuwa na miaka kumi, na mifupa yangu yote ilionekana. "Wewe kaa huko nyuma uoshe vikombe," mama aliniambia mbele ya wateja, "watu wasije wakadhani tunauza maji." Walicheka sana, nami nikarudi kuosha vikombe.

Sisi tulikuwa tumerudi Rwanda kutoka Karagwe, Tanzania, na kwetu kumwambia mtu "wabyibushye", yaani umenenepa, kulikuwa kumsifu yeye na nyumba yake yote. Mama alikuwa amemzika mtoto wake wa kwanza huko ukimbizini, mbavu zikihesabika, na aliapa kwamba hatazika mwingine wa hivyo. Watu huniambia nimwelewe. Namwelewa vizuri sana, na bado sijamsamehe. Baba alikuwa dereva wa lori. Alirudi Jumamosi, akajaribu kumwinua Fabrice, akashindwa, akapiga makofi kwa furaha. Huo ndio ulikuwa mchango wake katika malezi.

Masika ya mwaka ule njia ya kwenda shule iligeuka tope, na Fabrice akashindwa kupanda kilima. Alifika nusu ya mwinuko, akakaa kwenye jiwe, akahema kwa mdomo wazi. Mapaja yake yalisuguana mpaka yakatoa vidonda, na kaptura ya sare ikawa inaganda kwa damu. Watoto wa shule walimsukuma akaviringika hadi kwenye mtaro, kisha wakapanga foleni ili kila mmoja apate zamu ya kumsukuma. Ningependa kuandika kwamba nilimtetea. Nilicheka, tena nilicheka kabla ya wengine, kwa sababu kwa mara ya kwanza walikuwa hawanitazami mimi na miguu yangu. Goti lake lilipovimba, mwalimu alituandikia barua, na mama akampeleka kituo cha afya nami nikafuatana nao. Muuguzi alimpima, akamtazama mama, akasema bila kuzunguka: sukari iondoke, kikombe kiwe kimoja kidogo, mtoto atoke kwenye kiti akacheze. "Huyu hajipakulii mwenyewe, mama," alisema. "Ni wewe unayempakulia." Njiani mama alisema yule muuguzi ana wivu kwa kuwa hana mtoto. Hata hivyo aliogopa, akatii.

Alitii kwa majuma matano. Kiti kilirudi ndani, na asubuhi Fabrice aliteremka ziwani kurusha mawe na wenzake, akarudi amelowa, ananuka samaki, anacheka ovyo. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka na mdomo mtupu. Goti lilipona. Mashavu yalishuka, na chini yake kukawa na uso, uso wa mtoto mzuri anayefanana na mimi. Siku moja alipanda kilima cha shule bila kukaa, akanipungia mkono kutoka juu, nami nikapunga wangu. Kama mambo yangeishia pale, leo nisingekuwa na la kuandika.

Hayakuishia pale. Asubuhi moja Mama Furaha, muuza nyanya aliyekunywa kwetu kila siku, alimwona Fabrice akipita mbio mlangoni. Aliweka kikombe chake chini, akaita kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Eh, Patron amekonda hivi! Bon, mama, sema ukweli, munachanganya mayi mu maziwa?" Alikuwa anatania. Lakini benchi zima lilichungulia vikombe vyao kutafuta maji, na fundi cherehani mmoja akainua chake kwenye mwanga, akakitikisa. Kesho yake mabenchi yalikuwa na watu watatu, keshokutwa wawili. Siku ya nne mama alikitoa kiti, akakifuta kwa kitambaa kibichi, akakiweka mlangoni. Nilimwona akifanya hivyo. Alikuwa anajua anachokifanya; muuguzi alikuwa amemweleza kwa lugha tatu.

Fabrice alikuja kwangu jikoni na kikombe kimejaa. Alizungumza Kiswahili cha mtaani, kile cha Goma. "Dada, umwange hii. Mi nitasema nimemaliza." Ndoo ya maji machafu ilikuwa miguuni pangu. Ningeyamwaga, hakuna ambaye angejua, na kesho yake pia, na siku zote za masika yale. Badala yake nilimwita mama, nikamwambia anachotaka kufanya Fabrice. Nilitaka mama anitazame, basi, hata kwa dakika moja. Alinitazama. "Angalau wewe una akili," alisema, kisha akamshika Fabrice kisogo, akamnywesha kile kikombe na kingine juu yake, akiwa amesimama pale pale kati ya vyombo, mpaka maziwa yakamtokea puani. Fabrice hakuniomba kitu tena.

Aliponenepa kupita hata mapenzi ya wateja, watu walianza kumkwepa, na mama akamwondoa mlangoni. Fabrice alipofika miaka kumi na mitano, mama alimwita mlafi mbele ya wageni, akashangaa ametokea wapi mtoto wa namna ile. Leo Fabrice ana miaka thelathini na mmoja. Ana ugonjwa wa sukari, amekatwa vidole viwili vya mguu, na anaishi peke yake huko Kanama, nje ya mji. Mama ni mzee, anasali, na husema hayo ni mapenzi ya Mungu.

Siku hizi Jumapili barabara ya ziwani hujaa wazazi wanaokimbia wakiwa na viatu vya michezo, huku watoto wao wamekaa kwenye magari wanakula chipsi na soda. Nikiwauliza, wanasema mtoto amekataa mboga. Mwanangu ana miaka minane, na tangu kituo cha afya waniambie uzito wake umezidi, nyumbani hakuna soda, tunakula dodo, yaani mchicha, na maharage, shuleni anakwenda kwa miguu. Hulia, huniita mchawi, na majirani husema ninamnyima chakula. Waseme.

Mwezi uliopita Fabrice alikuja kwangu na fimbo yake. Mtoto alikuwa anagaragara sakafuni akidai maandazi, nami sikutikisika. Alipochoka akainuka, akala alichopewa, akatoka kwenda kucheza. Fabrice aliyatazama yote hayo hadi mwisho. Nakiri nilikuwa ninangoja sifa.

"Uko mama muzuri, dada," alisema taratibu. "Sababu ya nini haukuanzaka na mi?"

Nilimwambia maharage yanaungua, nikaenda jikoni. Moto nilikuwa nimeuzima zamani.