Kombe Lililoahidiwa Kaburini

Tangu azaliwe, Rupert Gama wa Mjimwema alikuwa hajawahi kushindwa, na ukitaka ushahidi ungemwuliza yeye mwenyewe. Kwenye mbio za shule alikuwa wa pili kwa sababu wa kwanza aliondoka kabla ya filimbi. Mtihani wa kwenda sekondari aliufaulu vizuri kabisa, ila waliobandika majina walikuwa na haraka. Msichana wa kwanza kuposwa naye akaolewa na fundi redio wa Ruhuwiko, na Rupert akawaeleza watu kwa upole kwamba ni yeye aliyemshauri binti aende huko. Mwalimu Valence, aliyemfundisha darasa la tatu, alimwandikisha ubaoni mara nyingi kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Rupert aliandika kwa mwandiko mzuri sana, na hakuna hata herufi moja iliyomwingia.

Biashara zilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza alichonacho, Rupert akaingia kwenye makoti ya mitumba. Songea ya Juni na Julai haihitaji mtu mwenye maneno mengi kuuza koti, baridi inamsaidia. Mteja akimbana bei mpaka akaondoka na koti karibu bure, Rupert hakukubali kwamba amezidiwa. Alisema amemhurumia. Mama yake, Lidwina, aliwahi kumwambia kwamba huruma hiyo itawamaliza.

Kisha Dorine, mwenye baa pale Mjimwema, akaleta meza ya pool. Ilishushwa kwenye lori mchana kweupe, watu wakaacha shughuli zao kuja kuitazama kama mgonjwa aliyerudi kutoka hospitali. Tuseme haki hapa: Rupert alikuwa na mkono. Fimbo ilimkaa, jicho lilimkaa, na kabla ya msimu wa kahawa kwisha alikuwa anaogopwa mpaka mjini. Siku alizofungwa zilikuwa chache, na kila moja ilikuwa na maelezo. Chaki ilikuwa mbichi. Mtu alikohoa. Meza yenyewe imeinamia upande wa milima ya Matogoro, nendeni mkapime.

Aliyemnyima usingizi alikuwa mmoja tu, Abdulswamadu, Myao wa Tunduru aliyekuwa akiuza korosho karibu na stendi. Alichezea timu ya mjini, alikunywa soda tu, na kabla ya kila pigo alisema bismillahi kwa sauti ya chini iliyomkera Rupert kuliko kelele. Juu ya hayo walikuwa watani. Wangoni na Wayao wa huko wanataniana tangu vita vya mababu zao, na mtani haombi ruhusa: anakutukana mbele ya wakwe, anachukua kofia yako kichwani, nawe unacheka, maana ukikasirika wewe ndiye mwenye kosa.

Mwaka ule Rupert na Abdulswamadu wote wawili wakafika fainali ya kombe la mji. Zikiwa zimebaki wiki chache, mzee Athanasi, babake Rupert, akafariki.

Maziko yalikuwa Mshangano, kwenye shamba la ukoo. Jeneza lilipokaribia kaburi watu wakakuta kaburi lina mtu. Abdulswamadu alikuwa amelala humo chali, amekunja mikono kifuani, anasema nyumba ameipenda, mzee Athanasi atafute nyingine. Ni kazi ya mtani hiyo, na waombolezaji wakacheka katikati ya machozi kama inavyotakiwa. Wakamtupia sarafu ili atoke, akazirudisha. Kajetani, mdogo wa marehemu, akaleta kuku, akakataliwa kwa kuwa ana kwikwi. Katekista akaanza kukohoa, jua likawa kali, wabebaji mabega yakawauma.

"Nataka kombe," sauti ikatoka chini. "Rupert aniachie kombe, nami nimwachie baba yake nyumba."

Umati mzima ukamgeukia Rupert. Alikuwa amechoka, amelia, na alitaka babake alale.

"Nimekuachia," akasema. "Toka."

Abdulswamadu akatoka akijipangusa udongo, mzee Athanasi akazikwa vizuri, na Mwalimu Valence, ambaye sasa alikuwa mstaafu na mwenyekiti wa kamati ya nidhamu ya chama cha pool, alicheka siku hiyo mpaka miwani ikamdondoka.

Fainali ikachezwa kwa Dorine. Walikwenda sambamba mpaka gemu ya mwisho, na kwenye gemu ya mwisho ikawa zamu ya Rupert na mezani umebaki mpira mweusi tu, ule wa kuamua mchezo, karibu na shimo la kona, mahali ambapo hata Dorine angeuingiza kwa mpini wa ufagio. Watu walikwishaanza kumshangilia. Rupert akainama, akapiga, mpira mweusi ukagonga mdomo wa shimo kushoto, ukagonga kulia, ukatulia ukingoni. Abdulswamadu akasema bismillahi akausukuma ndani.

Ukweli wa dakika ile aliujua Rupert peke yake. Ahadi ya kaburini hakuikumbuka hata kidogo. Baba alikuwa ardhini, mpira ulikuwa mezani, na Rupert aliutaka ule mpira kwa moyo wake wote. Alikuwa bado ameinama, anatafuta la kusema kuhusu chaki, aliposikia mtu nyuma yake akinong'ona kwa heshima kwamba kijana ameachia, ametimiza ahadi aliyoitoa kwa babake.

Ah! Katika maisha yake yote ya visingizio Rupert hakuwahi kupewa kimoja kizuri namna hiyo, tena bure. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliilaza fimbo mezani taratibu, akainamisha kichwa kama mtu anayesali, akatoka nje. Mpaka jioni Mjimwema yote ilikuwa inamsifu. Wanawake wa jumuiya wakamwambia Lidwina kwamba amezaa mtoto, wengine wamezaa watu tu. Lidwina akatembea na maneno hayo nyumba kwa nyumba, akayafikisha hadi Ruhuwiko.

Mtu mmoja tu hakuguswa. Majaliwa, mwenye malori na mlezi wa timu ya Rupert, alikuwa ameshawatangazia watu kwamba kombe linakwenda kukaa ofisini kwake. Yeye alisema ahadi ya kaburini ni ya kaburini, na mchezaji anayeachia mpira ameuza mechi, hata kama amemwuzia marehemu. Akapeleka mashtaka kwenye kamati ya nidhamu. Adhabu ilijulikana: anayethibitika kuachia anafungiwa miaka miwili, hagusi fimbo wala haonekani karibu na meza.

Rupert akapima. Akisema aliachia, atakosa pool, kitu pekee duniani alichokiweza kwelikweli. Akisema alicheza kwa nguvu zake zote, basi alivunja ahadi mbele ya kaburi la babake, mama yake alikuwa amesambaza uongo, na juu ya yote alifungwa na Myao. Hilo la mwisho ndilo lililoamua. Akachagua kufungiwa.

Wa kwanza kuja kumpinga alikuwa mshindi. Abdulswamadu alifika kwenye genge la makoti akiwa amekonda. Wateja wake wa korosho, alilalamika, wanamwuliza kama kombe lake la msiba linahitaji sanda. Alishinda kwa mkono wake, na hakuna hata mmoja anayeamini.

"Sema kweli, mtani," akamwomba.

Rupert akamjibu kwamba ahadi ni deni. Abdulswamadu akamtazama sana. Kisha, kwa haki yake ya utani, akachukua koti la kike la zambarau lililokuwa mbele, akalivaa, akasema atalirudisha siku Rupert atakaposema kweli. Rupert akacheka, maana sheria inataka ucheke. Lilikuwa koti zuri.

Kesi ikasikilizwa Jumamosi asubuhi kwa Dorine. Meza ya pool ilitandikwa kitambaa na jagi la maji ili ionekane ni meza ya kamati. Lidwina alikaa benchi la mbele kwa kitenge cha kanisani, Kajetani pembeni yake. Mashahidi wote walishuhudia jambo lile lile, kwamba walimsikia Rupert akiahidi, hata mwenyekiti alimsikia. Majaliwa akadai adhabu. Mshtakiwa aliposimama akamwamkia Mwalimu shikamoo, akasema kwa unyenyekevu mkubwa kwamba hana la kujitetea, aliachia, wamfungie. Lidwina akafuta machozi ya fahari.

Abdulswamadu akainuka, amevaa koti la zambarau. Akaapa kwa Mwenyezi Mungu kwamba mtu huyu ana hatia ya kusema uongo tu, hakuachia chochote, alifungwa. Mwalimu Valence akavua miwani. Katika miaka yake yote ya kuamua ugomvi, alisema, hajaona mshtakiwa anayeng'ang'ania hatia na mpinzani wake anayemtetea kwa hasira namna hii.

Ni Dorine aliyewatoa kwenye tope. Alikuwa amechoka kukaliwa na watu wasioagiza kitu. Akauliza mbona meza ipo. Wauweke mpira pale ulipokuwa, Rupert apige. Akiuingiza, basi anauweza, na siku ile aliukosa kwa makusudi, afungiwe. Akiukosa, basi hauwezi. Tena leo hana sababu ya kuukosa kwa makusudi, maana ni yeye mwenyewe anayetaka kuonekana ameachia.

Kamati ikaona hakuna hila humo. Jagi likaondolewa, kitambaa kikakunjwa. Ikafuata kesi ya pili kuhusu mahali mpira ulipokuwa, kila aliyehudhuria akiweka kidole chake tofauti, hadi Rupert na Abdulswamadu wakaelekeza sehemu moja bila kutazamana.

Rupert akapaka chaki. Hakuwahi kuutaka mpira uingie kama alivyoutaka huu. Ukiingia, ana hatia na heshima yake. Mama yake ataondoka hapo ameinua kichwa, na yeye atakaa miaka miwili akiwa mtu aliyeshika neno lake. Nyuma yake alimsikia Abdulswamadu akimwomba Mungu kwa Kiyao na Kiarabu. Akainama, akapiga.

Mpira ukagonga kushoto, ukagonga kulia, ukatulia ukingoni.

Akaomba arudie. Mwalimu, kwa kuwa Rupert alikuwa mwanafunzi wake, akamruhusu. Safari hii haukugusa hata mdomo wa shimo.

 Watu wakaanza kumhurumia, na hapo ndipo jasho lilipomtoka Rupert. Mwalimu Valence akasema pengine meza ilisogezwa walipodeki. Kajetani akasema kijana ana msiba, mkono wa mfiwa hauna nguvu. Hata Majaliwa, aliyeona kwamba anaweza kumpata mchezaji wake bila kifungo, akaichukua fimbo, akaitazama kwa jicho moja, akatangaza kwamba imepinda. Chaki ikashukiwa. Mtu akasema kweli, hata yeye amesikia kikohozi. Visingizio vyake vyote vya maisha viliwekwa mbele yake, achague, na kila mmoja mle ndani angemkubalia chochote atakachookota. Akamtazama mama yake. Lidwina alikuwa ameinamia mapajani, anakunja na kukunjua pindo la kitenge, na Rupert akaona kwamba mama hahitaji kuambiwa. Alijua tangu mpira wa kwanza. Aliona aibu kwa ajili ya wote wawili.

"Fimbo haijapinda," Rupert akasema. Sauti ilimtoka ndogo. "Siku ile nilitaka uingie. Leo pia nilitaka uingie. Ahadi ya baba sikuikumbuka hata kidogo. Mwalimu, andika nilifungwa."

Mwalimu Valence akauliza kama amesikia sawasawa. Rupert akalirudia neno, na la pili lilikuwa gumu kuliko la kwanza. Kamati ikanong'ona kidogo, ikatoa hukumu kwamba mshtakiwa hakupanga matokeo, ila hakuuweza mpira, na hilo halina adhabu katika kanuni za chama. Majaliwa akapiga makofi peke yake. Kajetani akasimama kwa niaba ya ukoo, akasema kanuni za chama ni za chama, ila aliyevunja neno alilolitoa kaburini atatoa mbuzi kwa mtani wake, tena dume. Rupert akakubali bila ubishi, jambo lililowashtua watu kuliko hukumu yenyewe.

Ilikuwa zamu ya Abdulswamadu. Mtani yeyote angeisubiri saa kama hiyo maisha yake yote, na watu walikwishajiweka tayari kucheka.  Yeye akavua koti, akalikung'uta, akamwekea Rupert begani, akatoka nje kwenda kwenye korosho zake.

Rupert akabaki amesimama katikati ya baa, koti la kike begani, hajui akae wapi. Akasogea mpaka mbele ya mama yake akamwomba radhi kwa kumwacha azunguke kote akimsifu bure. 

"Nimeishi na baba yako mpaka nimemzika," Lidwina akasema, "na neno 'nilifungwa' sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Nililisubiri sana."

Kisha akasogea kwenye benchi, akampa nafasi akae.