Sarafu Niliyoisugua Mpaka Ikaisha

Wasee, hii naona aibu hata kuisimulia, lakini kwa vile mtaa mzima wa Lucky Summer tayari unayo (na kila mtu anaiongezea chumvi), heri muisikie kwangu mwenyewe niliyeivuruga.

Mnamjua Nekesa, msichana wangu. Baba yake alikuwa fundi wa injini za treni, akastaafu, na sasa mapenzi yake yote yako kwa sarafu za kikoloni, zile za senti kumi zenye tundu katikati. Amezipanga ukutani ndani ya fremu ya kioo, mwaka baada ya mwaka, na imebaki nafasi moja tu. Nikasema Jumapili nikienda kujitambulisha, hiyo nafasi nitaijaza mimi, halafu tuone nani ataninyima mke.

Sarafu nikaipata Mathare kwa Mama Shiro, anayeuza vitu vya zamani juu ya gunia. Mwaka ulikuwa wenyewe, lakini sarafu ilikuwa imechoka, nyeusi ti, na ukingo umebonyea.

"Kuna mtu ananiletea ingine safi wiki ijayo," Mama Shiro akaniambia. "Kama huna haraka, ngoja."

Nikampigia Nekesa. "Ngoja," akasema. "Baba amekaa na hiyo nafasi miaka yote, wiki moja itamfanya nini?"

Watu wawili wenye akili wameniambia ningoje. Nikanunua.

Sasa, mimi ni fundi wa mageti, nikajiambia kama natoa kutu kwa geti la ploti nzima, kisarafu kitanishinda wapi? Nikawasha grainda, ile mashine ya kusaga chuma, nikagusa kidogo, ikang'aa, nikaongeza kidogo, nikageuza upande wa pili nao upate haki yake, na nilipozima mashine ilikuwa inawaka kama jua na haina hata herufi moja. (Nikajipa moyo kwamba macho ya mzee si mazuri.)

Jumapili ikafika, tukala ugali na kuku, na mimi mdomo haukutulia. "Baba, ile nafasi ya kwa fremu leo imepata mwenyewe. Sarafu yenyewe haijawahi kuguswa!"

"Umeitoa wapi, kijana?" mzee akauliza, tayari ameinuka.

Ningesema Mathare, mambo yangeisha. Nikasema, "Aliniachia marehemu Guka. Aliifunga kwa leso hii mpaka siku alipoaga." Nikamkabidhi.

Shangazi yake Nekesa akatokwa na machozi hapo hapo, akatusimamisha wote, tukafumba macho akamwombea babu yangu apumzike pema, dakika nzima, na mimi nikaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko wote. Nikafumbua macho nikakuta Nekesa ananikodolea yake.

"Guka alikufa lini?" akauliza. "Si juzi tu nimeongea naye kwa simu?"

Mzee naye alikuwa ameshafungua leso. Akaigeuza, akaiweka karibu na jicho, akaigeuza tena.

"Hii ni wosha," akasema. "Wosha ya shaba, ya kuweka chini ya nati. Nimefunga hizi kwa injini maisha yangu yote."

"Baba, ni sarafu, ila nimeisugua..."

Akapapasa ukingo, akasimamisha kidole pale palipobonyea, na sura ikambadilika.

"Hii ilikuwa kwa Mama Shiro," akasema polepole. "Nimeenda kuiangalia miezi mitatu, nikijiuliza kama nichukue hiyo iliyochakaa ama ningoje nzuri." Akanirudishia. "Leo umeniamulia."

Hakuna aliyecheka, na hapo ndipo nilipotamani sakafu inimeze. Mzee akaniambia sina cha kuzungumza pale mpaka nimlete huyo marehemu wangu kwa miguu yake, wamwone na wamsalimie.

Ikabidi nimpigie Guka kule Murang'a nimweleze kwa nini nimemzika. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Na kwa matanga yangu mlichinja nini?" akauliza.

"Kuku, Guka."

"Wangapi?"

"Mmoja."

Akakata simu. Imenichukua wiki mbili, magoti na blanketi jipya kumlainisha akubali kuja. Mimi nimeapa: kitu cha zamani kikiwa kichafu, nakiacha na uchafu wake, na nikiambiwa ngoja, nakaa chini nangoja.