Taa zimewaka kabla ya adhana

Jamaa zangu, leo mtaa wetu wa Kariakoo umefungua saumu dakika nne kabla ya magharibi, na lawama zote nimebebeshwa mimi.

Mnanijua. Huu ni mwaka wa kumi na moja mkono wangu unawasha taa za barabarani. Mwezi wa Ramadhani huwa nasubiri adhana kwanza, ndipo navuta swichi. Watu wameshazoea: taa ikiwaka, tende mdomoni.

Leo injinia wa umeme kamaliza kuvuta waya kutoka mtamboni kwao hadi kibandani kwangu, penye swichi ya taa. Kanipigia simu.

"Usiguse kitu. Nitabonyeza huku, zitawaka huko."

Nikakaa. Swichi ikaanguka yenyewe. Nje kukawa kweupe.

Simu tena. "Zimewaka?"

"Zimewaka, bwana. Lakini watu wamefunga, jua bado."

"Safi. Kesho hivyo hivyo."

Hata sikukasirika.

Mara Mama Zuhura, muuza vitumbua, huyo mlangoni na kikombe cha uji.

"Baba Salum, umetulisha mchana!"

"Sikuwasha mimi."

"Humo ndani uko na nani?"

Nilikuwa peke yangu. Nikamwonyesha waya. Akautazama, akanitazama, akaenda zake.

Basi kesho msifuate taa, subirini adhana. Siku ya leo tutailipa.

Nani mwingine alikula? Semeni tu, msione haya. Mimi mwenyewe, swichi ilipoanguka, nilimeza tende kwanza, ndipo nikatazama saa.